Meli Iliyobadili Jina, Ndege Iliyobadili Ngozi

Mwezi Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imevutwa nchi kavu pale Liuli, mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, ikifanyiwa matengenezo. Wajerumani waliiita bandari hiyo Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba uliowakumbusha sanamu maarufu ya Misri. Nahodha Berndt hakuwa na habari kwamba huko Ulaya vita vimeshaanza. Alipoiona Guendolen, meli ya Waingereza, ikikaribia na kufyatua mzinga, alipanda mtumbwi kwenda kumuuliza nahodha wake, Rhoades, kulikoni, maana walikuwa marafiki wa siku nyingi. Akatekwa papo hapo. Mei 1915 Waingereza walirudi na askari wa kutua nchi kavu, wakaiharibu meli zaidi. Baadaye wakaikarabati, wakairudisha majini na kuipa jina jipya: King George V.

Je, meli iliyoelea upya ilikuwa ile ile?

Ukifuata mabati na mataruma, utasema ndiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili wake ilikuwa ile iliyotoka Hamburg. Ukifuata bendera, utasema hapana, kwa kuwa ilikuwa imehamia upande wa adui. Ukifuata kazi, jibu linagawanyika: iliendelea kubeba watu na mizigo kwenye ziwa lile lile, ila kwa amri ya serikali nyingine. Majibu hayo matatu ndiyo yanayogombana hadi leo kila mtu anapochukua chombo kizee, kiwe cha majini au cha angani, na kuazimia kukirudishia uhai.

Wanafalsafa walilikuta swali hili zamani. Plutarch, katika maisha ya Theseus aliyoyaandika, anasimulia kwamba watu wa Athens waliitunza meli ya shujaa huyo kwa karne nyingi, wakitoa ubao uliooza na kuweka mpya, mpaka wasomi wakaanza kubishana kama bado ni meli ya Theseus. Thomas Hobbes, mwaka 1655, aliongeza fundo juu ya fundo. Tuseme kuna mtu aliyeziokota mbao zote zilizotupwa, akaziunga upya kwa mpangilio wake wa awali. Sasa kuna meli mbili. Ipi ni ya Theseus?

Kwa wapenzi wa ndege ndogo za zamani za Kijerumani, fundo hilo ni kazi ya mikono. Chukua Bücker Jungmann, ndege ya mafunzo yenye viti viwili na mabawa mawili juu na chini, iliyoruka mara ya kwanza Aprili 1934. Kiwiliwili chake ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa. Mabawa ni mbao. Juu ya vyote limevutwa turubai lililopakwa rangi ya kukaza. Anayejua kuzitambua ndege huijua Jungmann kwa mabawa yanayorudi nyuma kidogo na pua nyembamba, kwa kuwa silinda za injini yake zimepinduliwa kuelekea chini. Lakini ndege hiyo iliundwa pia kwa leseni Uswisi, Chekoslovakia na Japani, na Hispania iliendelea kuiunda hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Poland wameunda nyingine mpya kabisa kwa kufuata michoro ya zamani. Kwa hiyo ndege inayopaa leo ikiwa na rangi za Ujerumani ya miaka ya 1930 huenda ilizaliwa Hispania, inavutwa na injini ya Kicheki, na turubai lake limeshonwa juzi.

Fundi anayeikarabati huanza kwa kuichuna. Turubai likishatoka, mbao zinaonekana: gundi iliyokauka na kuachia, misumari midogo yenye kutu, ubavu uliopasuka na kuungwa na mtu asiyejulikana. Kila kinachotiliwa shaka hubadilishwa, kwa sababu angani hakuna pa kuegesha. Mwisho wa kazi huenda kilichosalia cha zamani ni mabomba machache, fimbo ya rubani, na kibao kidogo cha chuma chenye namba ya kiwandani. Kibao hicho, pamoja na vitabu vya kumbukumbu za safari na matengenezo, ndicho kinachoshikilia utambulisho wa ndege. Mbao zote zaweza kuwa mpya, na ndege ikahesabiwa kuwa ya mwaka 1938, mradi namba na kumbukumbu zinafuatana bila kukatika.

Kuna hekima katika utaratibu huo, hata kama kwa macho ya haraka unaonekana ni wa karatasi tu. Unakiri kwamba utambulisho hauko ndani ya ubao. Uko katika mfululizo: nani aliifanyia nini, lini, na kwa nini, bila kuficha. Karatasi zikipotea au zikighushiwa, hata ndege yenye mbao zake zote za asili hupoteza ushahidi wa kuwa yenyewe.

Tanzania ina ndege yake ya kulipimia swali hili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walikuja Serengeti na Dornier Do 27 yenye namba D-ENTE, iliyopakwa milia ya pundamilia kuanzia pua hadi mkia. Mtu aliyezoea Cessna zinazotua kwenye viwanja vya mikoani, zenye nguzo inayoegemeza bawa kila upande, angeitofautisha Do 27 mara moja: bawa lake la juu halina nguzo hata moja, kioo cha mbele ni kipana, na gurudumu la tatu liko mkiani. Iliweza kupaa na kutua pafupi sana. Kwa ndege hiyo baba na mwana walihesabu wanyama wakubwa zaidi ya 360,000 mwaka 1958. Tarehe 10 Januari 1959 iligongana na tai angani ikaanguka, na Michael akafa akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mwaka 1987 baba yake alifariki, na majivu yake yakazikwa kando ya mwanawe.

Huko Ujerumani kuna Do 27 nyingine iliyopakwa milia ile ile kwa kumbukumbu. Haidai kwamba ndiyo iliyoanguka, na kwa kutodai hivyo inastahili heshima. Mtoto anayeitazama ikipita huona umbo, husikia mngurumo, huelewa jinsi mabawa yalivyokaa juu ya madirisha ili watu waweze kuhesabu nyumbu chini. Hayo yote ni kweli. Kisichoweza kurudishwa ni uhai wa Michael, pamoja na safari za mwaka 1958. Tena milia haisimulii kila kitu. Mwaka 1959, mwaka ule ule wa kifo chake, mipaka ya hifadhi ilipangwa upya na Wamaasai wakatakiwa kuhama Serengeti kwenda Ngorongoro. Nakala inayotaka kuwa ya kweli haina budi kuibeba habari hiyo pia, la sivyo inakuwa pambo zuri lenye nusu ya kumbukumbu.

Mfano mwingine unakuja hadi ukingoni mwa mto Ruvuma, na huu unalipindua swali zima. Novemba 1917 Ujerumani ilituma puto kubwa la kivita, zeppelin L59, kutoka Jamboli nchini Bulgaria ili kumpelekea Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck silaha na dawa kusini mwa koloni lake la Afrika Mashariki. Wapangaji walijua kwamba chombo hicho hakitaweza kurudi kwa kuwa huku hakukuwa na gesi ya kukijaza. Kwa hiyo kilitayarishwa kigawike: turubai la nje liwe mahema, mifuko ya gesi iwe ya kulalia, mifupa ya aluminiamu iwe mnara wa redio, na ngozi ya njia za ndani iwe viatu. L59 ilifika Sudan, ikaamriwa kugeuka, ikarudi ilikotoka baada ya saa 95 angani. Siku mbili baada ya kugeuka kwake, tarehe 25 Novemba, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji.

Kama ingefika, ingekuwa wapi sasa? Miguuni mwa askari, juu ya vichwa vyao wakati wa mvua, mawimbini mwa redio. Hakuna fundi ambaye angeweza kuizoa na kuiunga tena, na hakuna ambaye angesema kwamba imepotea bure, maana iliundwa kwa ajili ya mgawanyo huo. Hapa umbo linakufa na kusudi linatimia. Katika nakala ya Do 27 umbo limebaki bila kusudi la awali. Hermann von Wissmann iko katikati: umbo karibu lile lile, kusudi likiwa limetekwa.

Dini zinazofuatwa mwambaoni mwa ziwa zimelitafakari jambo hili kwa uzito kuliko mafundi na wanafalsafa, kwa sababu zenyewe hazizungumzii chombo. Zinamzungumzia mtu. Wakristo wanaungama ufufuo wa mwili, na Waislamu wanaamini kwamba Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atawarudisha watu kutoka makaburini. Lakini mwili huoza, ukawa udongo, na udongo ukawa majani. Aliyezama ziwani je, ambaye samaki wamekwisha kumla?

Mtakatifu Augustino alijibu kwa mfano wa sanamu: msanii akiiyeyusha na kuisubu upya kwa madini yale yale, si lazima chembe zilizokuwa mguuni zirudi mguuni, mradi yote yaliyokuwa yake yamerudi na umbo limetengenea. Katika hadithi za Mtume zilizopokewa na Bukhari na Muslim, kila kitu cha mwanadamu huoza isipokuwa mfupa wa kifandugu, na kutoka hapo ataundwa upya. Tomaso wa Akwino aliona kwamba hata kabla ya kufa mwili haukai na chembe zile zile: chakula huingia, taka hutoka, na mtu anabaki yule yule kwa sababu roho inayoupa mwili umbo ni ile ile.

Majibu haya matatu yanakaribiana na kazi ya karakana kuliko mtu anavyotarajia. La Augustino ni la fundi anayeokoa kila kipande. La hadithi ni la kibao chenye namba, kitu kidogo kisichooza ambacho ukarabati wote unaanzia hapo. La Tomaso ni la mwenye kuuliza nini kinachoiendesha. Tofauti iliyopo ni kubwa, na haifai kufunikwa: mtu anafufuliwa na Muumba anayemjua kwa jina, ilhali chombo kinarejeshwa na watu wanaoweza kusahau, na wanaoweza kuchagua cha kusahau. Ndiyo maana kumbukumbu ya fundi inabeba mzigo ambao katika imani unabebwa na Mungu mwenyewe.

Liuli pana kaburi linalolileta jambo hili karibu. Ni la William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Afrika mwaka 1876, akaishi kandokando ya ziwa hadi alipofariki mwaka 1928, kwa miaka mingi akiwa na uoni hafifu sana. Ni yeye aliyehangaika mpaka misheni yake ya UMCA ikapata stima ya kwanza, Charles Janson, iliyoletwa vipande vipande na kuelea mwaka 1885. Rafiki yake Chauncy Maples alizama ziwani usiku wa dhoruba, Septemba 1895, akiwa amepewa uaskofu miezi michache tu kabla. Misheni ikaagiza meli kubwa zaidi kutoka Glasgow na kuipa jina lake. Ikaelea mwaka 1901, ikawa shule, kanisa na zahanati kwa vijiji visivyo na barabara.

Chauncy Maples ilitoka kiwandani ikiwa vipande 3,481. Boila lake la tani 11 halikuweza kugawanywa. Inasimuliwa kwamba Wangoni 450 walilivuta kwa kamba zaidi ya kilomita 100, kuzunguka maporomoko ya mto Shire, siku nyingine wakisogea kilomita chache tu. Hermann von Wissmann nayo ilikuwa imepita njia hiyo ya Zambezi na Shire miaka michache kabla, ikielea mwaka 1893, nayo ilivuka maporomoko kwa mabega ya watu.

Hapo ndipo swali la utambulisho linapopata uzito wa kimaadili. Kiwanda kimeandikwa kwenye kibao. Askofu ameandikwa ubavuni mwa meli. Wissmann, aliyeongoza vita dhidi ya upinzani wa Abushiri pwani, aliandikwa ubavuni mwa meli na kusimamishiwa sanamu Dar es Salaam mwaka 1909. Waingereza waliing'oa, ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha miaka ya 1960. Watu 450 wa boila wameandikwa kama idadi. Hakuna hata mmoja mwenye jina, ingawa bila wao kusingekuwa na chombo cha kukarabati. Mrejeshaji anayetafuta rangi halisi ya mwaka 1901 na asitafute habari za wavutaji anarejesha kitu ambacho hakikuwahi kuwapo: meli iliyofika ziwani yenyewe.

Wamatengo wa milima ya Mbinga, juu ya mwambao huo huo, wana ushahidi wao katika shauri hili. Kwenye miteremko mikali wanalima ngoro. Mvua zikikaribia kwisha, wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, yakafanya miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya majani, pakatokea mashimo yaliyozungukwa na kingo. Kingoni hupandwa maharage, kisha msimu wa pili mahindi. Mvua kubwa ikinyesha, maji hukaa mashimoni badala ya kubeba udongo hadi bondeni. Halafu zamu ikifika kazi huanza upya: mashimo mapya huchimbwa, na palipokuwa na ukingo paweza kuwa shimo. Kwa zaidi ya karne moja hakuna ngoro iliyobaki na shimo lake la kwanza. Hata hivyo hakuna Mmatengo anayesita kusema kwamba shamba ni la babu yake. Ni lake kwa sababu kazi haijakatika, kila kizazi kilijifunza kwa kile kilichotangulia, na majina ya waliolima yanajulikana ukooni.

Kipimo hicho cha kazi isiyokatika kikipelekwa kwenye vyombo vya zamani, kinaamua mambo mengi. Kinaipa ushindi MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikapelekwa Kigoma ikiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaelea mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini mafundi walipaka mitambo yake grisi kwanza, wakitarajia kwamba siku moja itainuliwa. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa na kukuta mitambo ingali inafaa, na mwaka 1927 ikapewa jina la Liemba. Miaka ya 1970 mvuke ulitolewa na dizeli ikawekwa. Mpenda asili anaweza kulalamika kwamba moyo wake umeng'olewa. Lakini vizazi vya abiria wa Kigoma, Kalya, Kipili na Kasanga waliopanda na dagaa, mananasi na watoto wao ndio mfululizo wake. Kuirudishia mvuke na kuitia makumbusho kungeipa injini ya asili na kuinyang'anya hao.

Kipimo hicho hicho kinaitia Chauncy Maples kwenye mizani ngumu zaidi. Iliuzwa mwaka 1953, ikavua samaki, ikabadilishiwa injini mwaka 1967, ikabeba abiria wa Malawi hadi ikastaafu. Kuanzia mwaka 2009 watu wenye nia njema walikusanya fedha ili iwe tena zahanati inayoelea. Mwili wake ulipokaguliwa, ukaonekana umechoka kuliko ilivyodhaniwa, gharama zikapanda, na kazi haikufika mwisho.

Wapo wanaosononeka kwa hilo, na masikitiko yao yana haki. Chuma kilichovutwa kwa mabega ya watu 450 hakistahili kuoza bila kuangaliwa. Lakini kusudi la meli hiyo halikuwa chuma. Lilikuwa mama mjamzito wa kijiji cha mwambao apate mtu wa kumhudumia. Kusudi hilo halikukatika ziwa zima. Hospitali ya Mtakatifu Anna ya Waanglikana pale Liuli ni ya ukoo huo huo wa kazi, na wagonjwa wanaifikia kwa barabara na kwa mitumbwi ya injini. Fedha zikiwa chache, na mara nyingi huwa chache, dawa ya Liuli ina haki ya kwanza kuliko ribiti ya mwaka 1901, na anayeamua hivyo haisaliti Chauncy Maples.

Kilichobaki kufanywa hakihitaji karakana wala mamilioni. Wapo wazee mwambaoni na milimani waliosimuliwa na babu zao habari za uchukuzi, za mizinga ya Liuli, za stima za misheni na za vita vilivyopita Ungoni mwaka 1918, Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma tena kurudi kaskazini. Peramiho kuna mtambo wa kuchapa vitabu ulioanzishwa na watawa Wabenediktini. Mbinga na Songea kuna walimu wa historia na wanafunzi wenye simu za kurekodia. Jina moja la mvutaji wa boila, likipatikana na kuthibitishwa na ukoo wake, lina haki ya kuandikwa kwenye kumbukumbu za chombo hicho pale pale lilipoandikwa jina la kiwanda.